Zile milioni za kahawa zilikuwa kafara

Kijiweni kwetu, mtu akianza kuwasema Wamarekani, hakosi mmoja wa kuleta kisa cha bibi aliyejimwagia kahawa akalipwa mamilioni. Kisa kinasimuliwa kwa vicheko, muuza kahawa ameshika dele lake, na kila mara kinaishia palepale: "Basi nimwagieni na mimi, nikashtaki." Nimekicheka miaka mingi. Siku niliyokaa nikaisoma kesi yenyewe, niliona haya.

Ilikuwa Februari 1992, Albuquerque, jimbo la New Mexico. Bibi wa miaka 79 alikuwa kwenye kiti cha abiria, gari limesimama, mjukuu wake yuko kwenye usukani. Kahawa ya mgahawa wa McDonald's, senti 49. Alikibana kikombe katikati ya magoti ili afungue mfuniko atie maziwa na sukari, kikapinduka. Kahawa ile ilikuwa ikitunzwa kwenye joto la nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi, na nguo aliyovaa ikainyonya na kuigandamiza mwilini. Mapaja yaliungua ngozi yote mpaka ndani. Akalazwa siku 8, akapandikizwa ngozi. Aliiomba kampuni dola 20,000. Ikamjibu kwa dola 800.

Kahawa yetu nayo ni ya moto, najua mtaniambia hivyo. Imetoka juu ya makaa. Lakini inamiminwa kidogo tu kwenye kikombe kisicho na mkono, unakishika kwa ncha za vidole, na vidole vinakuonya kabla mdomo haujafika. Kikombe cha karatasi chenye mfuniko hakimwonyi mtu.

Mahakamani ikajulikana kwamba kwa miaka kumi kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu walioungua. Shahidi wa kampuni akaeleza kuwa ukiyaweka malalamiko hayo mbele ya idadi ya vikombe vinavyouzwa, si kitu. Nadhani sentensi hiyo ndiyo iliyoigharimu kampuni. Agosti 1994 juri, yaani raia wa kawaida tu, ikampa bibi fidia ya dola 200,000, ikakata asilimia 20 kwa uzembe wake mwenyewe (kijiweni hili halitajwi kamwe), zikabaki 160,000. Kisha ikaongeza dola milioni 2.7 za adhabu. Kiasi hicho kilikuwa takriban mauzo ya kahawa ya kampuni hiyo kwa siku mbili. Siku mbili! Na hata hizo hazikulipwa zote: jaji alizishusha hadi 480,000, halafu pande mbili zikamalizana nje ya mahakama kwa kiasi kilichobaki siri yao.

Tatizo letu jingine ni jina. Pesa za adhabu kama hizo tunaziita "fidia ya adhabu", na maneno hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hutoa fidia, anamlisha maskini mmoja kwa kila siku, na hakuna anayemwona mkosaji. Lakini mtu mzima na afya yake akivunja saumu makusudi kwa kumwingilia mkewe mchana, huyo anadaiwa kafara: afunge miezi miwili mfululizo, na asipoweza alishe maskini 60. Kwa siku moja. Sijamsikia shehe akiulizwa uwiano huo umetoka wapi. Aliyeshindwa ni mmoja, na aliyedharau ni mwingine. Zile milioni 2.7 zilikuwa kafara, sisi tukazihesabu kama fidia, ndiyo maana zikatuchekesha.

Waingereza walijaribu kuziwekea mipaka pesa hizi za adhabu mwaka 1964, katika kesi ya Rookes na Barnard. Jaji wao, Lord Devlin, alisema adhabu ya namna hii itolewe pale watumishi wa serikali wanapomwonea raia, au mdaiwa anapokuwa amepiga hesabu kwamba faida ya kosa itazidi fidia atakayolipa, au sheria iliyotungwa inaporuhusu. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliufuata msimamo huo katika kesi ya Obongo na Baraza la Manispaa ya Kisumu. Kwa hiyo si mambo ya Marekani peke yake, na huku yapo, tena kitambo.

Hapo pa hesabu ndipo ninapopasimamia. Mfanyabiashara akishajua kwamba kulipa wachache watakaoumia ni rahisi kuliko kurekebisha mtambo, fidia ya kawaida inageuka gharama ya kazi, kama umeme na maji. Ndiyo maana sikubaliani sana na Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, iliyosema mwaka 2003 kwamba ni nadra adhabu inayozidi fidia kwa mara kumi na kuendelea kukubalika. Walipoifuta milioni 2 ya BMW mwaka 1996, kwa gari lililopakwa rangi upya likauzwa kama jipya, na hasara ya dola 4,000, niliwaelewa. Ila itazameni Exxon, kampuni ya mafuta. Meli yake ilimwaga mafuta Alaska mwaka 1989, juri ikasema dola bilioni 5, na mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ikazibakiza milioni 507.5. Miaka 19. Wavuvi wengine walikuwa wameshazikwa. Mwenye kupiga hesabu hapo atapiga vizuri kabisa.

Kuna swali la kijiweni ambalo naliheshimu: pesa hizo za adhabu, kwa nini azile mtu mmoja? Kafara nayo huenda kwa maskini. Huko Marekani, katika jimbo la Oregon asilimia 70 ya adhabu huenda kwa jimbo, nyingi zikiingia mfuko wa walioumizwa na wahalifu. Georgia, kwenye kesi za bidhaa zenye madhara, jimbo huchukua asilimia 75. Kwa kampuni, mimi naafiki, mradi mdai abakiziwe za kumlipa wakili aliyehangaika naye. Lakini askari akimvunjia mtu nyumba kwa ubabe, mahakama ikaiadhibu serikali, halafu robo tatu zirudi Hazina? Hapo mdai azichukue zote, hata akajenge ghorofa, nitakwenda kumpongeza.