Shangazi na matibabu ya stima

Wiki hii baraza letu la Kibokoni limegawanyika. Daktari amewaambia watu wa nyumbani kuwa dipresheni ya shangazi yangu imeshinda dawa nne, sasa wafikirie matibabu ya stima, na ami akaruka, "dadangu apigwe stima kichwani? Abadan!" Mimi nilikuwa nimetoka kumuona, kikombe cha uji kiko palepale kando ya mkeka tangu asubuhi, uji ushafanya utando juu, naye kaugeukia ukuta.

Hofu ya ami ina msingi. Mambo haya yalianza Roma 1938 na miaka ya mwanzo watu walikuwa wakipigwa stima bila kulazwa usingizi, wengine mpaka mifupa ikavunjika. Leo mgonjwa analazwa kwa dawa, anapewa nyengine ya kulegeza misuli, stima inaleta kifafa kifupi na mwili hautikisiki sana. Lakini kumbukumbu inaguswa, hilo tusifichane. Wengi huwarudia, wengine kuna vipande vya maisha yao, harusi, safari, vikapotea moja kwa moja. Na usipofuatilizwa na dawa, ugonjwa hurudi kwa wengi ndani ya miezi sita.

Kuna matibabu ya sumaku pia, sumaku inawekwa juu ya kichwa kuuamsha ubongo, Marekani waliiruhusu 2008, hakuna kulazwa wala kusahau. Ila ni siku tano kwa wiki, wiki nne mpaka sita, mtu wa Likoni apande feri kila siku, na asoweza hata kuinuka atafikaje? Tena kwa mtu alofika hadi ya kutokula, stima ndiyo yenye nguvu zaidi.

Ya kutia waya ndani ya ubongo, unaopelekewa stima kidogo na mashine, mimi bado naiogopa. Daktari wa ubongo Helen Mayberg na wenzake walitangaza 2005 kuwa wanne kati ya wagonjwa sita walipata nafuu kubwa, baadaye jaribio la watu 90 likasimamishwa kwani walowashiwa mashine hawakuwapita walozimiwa.

Kwa hivyo mimi niko upande wa stima, na kusomewa dua kuendelee vilevile, hakuna anokataza. Tumuulize daktari kama inaweza kupitishwa upande wa kulia peke yake, maana hivyo kumbukumbu huumia kidogo, na nani atamwangalia akishatoka. Na jamani shangazi mwenyewe aulizwe, siku zote hizi tunabishana barazani na hakuna hata mmoja aloingia ndani kumuuliza anataka nini.