Mjomba Kaacha Bastola, Binamu Kaleta Msasa

Nimevumilia mpaka arobaini imepita. Pilau imeliwa, mahema yameng'olewa, wa mikoani wamerudi makwao. Sasa naomba niseme.

Binamu yangu, mtu mzima mwenye watoto watatu na kitambi, alikaa barazani kwa marehemu mjomba, Magomeni, jioni nzima, na karatasi ya msasa, stilwaya ya kusugulia masufuria na kopo la Brasso. Akaisugua rivolva ya mzee mpaka ikang'aa kama kijiko cha harusini. Kisha akaipiga picha na kuitupa kwenye grupu la ukoo: "Sasa hata mnunuzi akija anaona mali." Dole gumba zikamiminika, na shangazi akaweka maua. Mimi nikaandika, "Umefanya nini wewe?" Nikaambiwa nina wivu.

Kwanza, haikutakiwa kuwa barazani. Leseni ilikuwa ya mjomba na imekufa naye. Silaha hairithiwi kama shamba la minazi. Sheria ya silaha ya 2015 ipo, na wakati wa uhakiki wa silaha wa 2016 mzee mwenyewe alikwenda kupanga foleni na mkongojo wake. Anayeitaka aombe leseni kwa jina lake, basi. Hilo nalipita haraka kwa sababu mwishowe tuliipeleka kituoni, imeviringishwa kwenye kanga, na karatasi ya mapokezi tunayo.

Ila kabla ya kituoni kulikuwa na kikao. Kikao cha ukoo, msimamizi wa mirathi kakaa katikati, na kila mmoja ana bei yake kichwani. Mmoja anasema milioni kumi. Mwingine anasema kumi ni matusi, hiyo ni ya Mjerumani, babu aliitoa vitani. Ya Mjerumani! Chuma kimeandikwa Birmingham, herufi zinasomeka bila miwani, na Mjerumani wa huku kwetu aliweka silaha chini Novemba 1918, kule Abercorn, Zambia ya leo. Hii ni Webley Mark IV, rivolva ya Mwingereza ya Vita ya Pili. Lakini ukisema hivyo kikaoni unaonekana unamvunjia babu heshima. Mwingine akadai risasi zake hazisumbui, unene wake ni 38. Ni 38, ndiyo, ila ile fupi ya Mwingereza. 38 Special ya Wamarekani ni ndefu na haina undugu nayo. Na shemeji, ambaye hata haki ya kusema hana, akashauri ipakwe nikeli iwe kama ya kwenye sinema. Shemeji, hata bastola za Kimarekani za Smith & Wesson zilizotoka kiwandani na nikeli, kwa kawaida nyundo na kifyatulio viliachwa na rangi yake. Ukiiona inang'aa kila mahali mpaka hapo, wanaozijua wanaanza kuuliza ni fundi gani wa uchochoroni aliyeipitia. Akanyamaza, akaomba chai.

Sasa twende kituoni. Aliyetupokea alikuwa askari wa makamo, mtu wa chumba cha silaha, mikono ina harufu ya mafuta. Akasukuma kile kikomeo cha juu kwa dole gumba, bastola ikavunjika katikati kama zinavyovunjika Webley, mtutu ukainama, akachungulia matundu sita moja moja. Hakusema kitu. Akaifunga, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaigeuza ubavu. Kisha akauliza taratibu, "Nani kaisugua hii?"

Binamu, kwa fahari, "Mimi, afande."

Afande akaniita mimi. Akaweka ukucha ubavuni mwa chuma. Chini ya mikwaruzo ya msasa, iliyokwenda huku na huku kama njia za kuku, zilibaki herufi chache zilizofifia: R, kisha F, I, N. Mbele na nyuma yake weupe mtupu.

Nilikwenda kusoma usiku huo na nikakosa usingizi. Maneno yale yalikuwa WAR FINISH, umaliziaji wa wakati wa vita. Webley & Scott, wenye kiwanda, walikuwa watu wa sifa, bastola zao za amani zilipigwa polishi mpaka unajiona sura. Vita ilipochacha hapakuwa na muda wa polishi. Zikatoka vilevile, na alama za mashine juu ya chuma, rangi imefifia. Kiwanda kikaona haya, kikagonga maneno hayo juu yake, mtu asije akadhani huo ndio ufundi wao wa siku zote. Na kumbuka serikali yao ilikuwa imeshachukua wazo la bastola ya 38 kwao, ikajitengenezea yake kule Enfield, halafu vita ilipobana ikarudi kununua kwa walewale Webley. Lakini haya ya bosi na fundi tunayajua hata hapa Dar, kwa mafundi wa Gerezani.

Kwa hiyo ule ukwaruzo ambao binamu aliuona ni uchafu ndio uliokuwa cheti cha kuzaliwa cha bastola. Kaufuta. Na jina lake kalifuta nalo.

Watu hawaelewi kwamba ile rangi ya bluu-nyeusi ya bunduki za zamani si rangi ya kopo. Ni chuma chenyewe kimebadilishwa ngozi. Ni kutu, ila kutu iliyofundishwa adabu. Ukiipiga msasa huiondoi ili uipake tena kesho, unaichuna bastola ngozi. Unaweza kumpelekea fundi aichovye upya, itarudi nyeusi, nzuri tu, lakini kingo zimeshakuwa mviringo, mihuri imelika, na mwenye kuzikusanya anaigeuza mara moja na kuirudisha mezani. Kwao mkweche wenye ngozi yake unaushinda mrembo aliyechubuliwa. Dar nzima tungelielewa hili tungeokoa mengi. Makabati ya mninga ya bibi zetu yanapigwa rangi nyeupe ya mafuta. Milango ya nakshi inamwagiwa vanishi mpaka maua yamezibwa. Sanamu ya Askari pale Posta imesimama tangu 1927 na weusi wake. Mpe binamu yangu ngazi na wiki moja.

Lakini si bei iliyoniuma. Niliwahi kuiona bastola hiyo mara moja, nikiwa darasa la tatu. Mjomba alikuwa keshia wa mashamba ya mkonge upande wa Morogoro, ndiye aliyebeba mishahara, na ndiyo sababu ya leseni. Ilikuwa Jumapili, kaitandika gazeti la Uhuru mezani, anaipaka mafuta ya cherehani kwa kitambaa cha vesti kuukuu. Nikaona mdomoni mwa mtutu weusi umeisha, upande mmoja tu, chuma kinaonekana. Nikauliza. Akasema, "Hapo panasuguana na ala ya ngozi. Kila mwisho wa mwezi." Akaninyooshea na kitako, ambacho kilikuwa kimelainika mahali kiganja chake cha kushoto kinapokaa, maana mjomba alikuwa shoto. Miaka yote ya kubeba hela za watu bila kuibiwa hata senti ilikuwa imeandikwa pale mdomoni, kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Hana picha ya kazini. Hana cheti. Alikuwa na ile alama.

Nakubali, shingo upande, binamu hakuwa na nia mbaya. Kulikuwa na kutu kweli karibu na silinda, na kutu haiachwi. Ila kutu inatolewa kwa mafuta na kitambaa cha pamba na subira, na kabla ya hapo unauliza. Nakubali pia wanaosema ni chombo cha kuua watu, afadhali kiko kituoni. Mama yangu ni mmoja wao, na sibishani na mama.

Na bei? Wakusanyaji wa Marekani wanazinunua kwa mamia ya dola, zikiwa na ngozi yake. Hazijawahi kuwa adimu. Kule Uingereza zilikotengenezwa, tangu 1997 raia wa kawaida karibu haruhusiwi kumiliki bastola kabisa. Hapa kwetu huwezi kuipeleka mnadani Kariakoo. Kwa hiyo milioni kumi za kikaoni zilikuwa za kikaoni.

Jana saa tatu usiku binamu kanipigia. Kaikuta redio ya mjomba uvunguni, ile ya mbao yenye kitambaa mbele. Anauliza vanishi gani nzuri. Nimemwambia aiweke chini, asiiguse, asiifute hata vumbi, na nimechukua bodaboda.