Undugu wa Kijerumani na Kiingereza unamfikisha mwanafunzi wapi?

Mjerumani aliyemaliza Gymnasium, yaani sekondari inayomwandaa mtu kwa chuo kikuu, kwa kawaida hutoka na Kiingereza cha kutosha kusafiri, kujibu barua pepe za kazini na kubishana kuhusu mpira. Kwenye ngazi za Baraza la Ulaya zilizochapishwa mwaka 2001, zinazoanzia A1 hadi C2, huyo yuko B2 au karibu na hapo. Kutoka hapo kwenda C1 na C2 ndiko wengi wanakokwama, na kinachowakwamisha ni msamiati zaidi kuliko sarufi. Swali ni kama ule undugu wa lugha hizi mbili, uliombeba mwanafunzi tangu siku ya kwanza, bado unambeba huku juu, au ndio sasa unaomshika mguu.

Wanaoutetea undugu wana hoja nzito. Kijerumani na Kiingereza ni lugha za Kigermaniki za magharibi, na tofauti nyingi za sauti kati yao zina utaratibu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika lahaja za kusini zilizokuja kuzaa Kijerumani sanifu, p iligeuka pf au f, t ikageuka z au ss, na k katika nafasi nyingi ikageuka ch. Ndiyo maana Apfel ni apple, Pfeffer ni pepper, Wasser ni water, zehn ni ten na machen ni make. Mwanafunzi akishaushika mpangilio huo, maneno mengi ya nyumbani, ya mwili, ya shamba na ya hali ya hewa anayatambua kabla hajafundishwa. Hata vitenzi vinavyofuatwa na neno dogo, ambavyo huwatesa wageni wengi wa Kiingereza, havimshtui sana, kwa kuwa lugha yake ina vitenzi vinavyogawanyika: aufstehen na stand up, aufgeben na give up. Mtoto wa Morogoro au Kisumu hana msaada wa namna hiyo. Kila neno kwake ni geni, ukiacha machache ambayo Kiswahili chenyewe kimekopa.

Lakini msaada huo umelala zaidi kwenye maneno ya kila siku, na maneno ya kila siku ndiyo anayoyamaliza mapema.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa watawala, mahakimu na maaskofu wa nchi ile walizungumza Kifaransa. Baadaye wasomi wakaongeza Kilatini na Kigiriki. Tabaka la juu la Kiingereza likajengwa kwa vifaa ambavyo si vya Kigermaniki. Mjerumani anamtambua nguruwe aliye hai, kwa kuwa Schwein na swine ni neno moja, ila akifika mezani anaambiwa pork. Kwake yeye nyama hiyo ni Schweinefleisch, nyama ya nguruwe, basi. Hospitalini tofauti inazidi. Kijerumani kinamwita daktari wa watoto Kinderarzt na daktari wa macho Augenarzt, maneno ambayo mtoto wa darasa la pili anayafungua mwenyewe. Kiingereza kinataka paediatrician na ophthalmologist, mazito yote mawili, ambayo hata Mwingereza hukosea tahajia yake.

Wajerumani wenyewe waliongeza umbali huu kwa makusudi. Katika karne ya 17 Philipp von Zesen alibuni maneno ya Kijerumani ya kushindana na ya Kifaransa na Kilatini, na baadhi yamebaki hadi leo, mfano Anschrift kando ya Adresse. Katika miaka ya 1870 Heinrich von Stephan, mkuu wa posta ya dola ya Ujerumani, aliyafuta mamia ya maneno ya Kifaransa katika shughuli za posta na kuweka ya Kijerumani. Ilikuwa kazi yenye heshima, na sisi tuliokuzwa na istilahi za kamati za Kiswahili tunaielewa vizuri. Ila kila neno la kigeni lililotolewa lilikuwa pia daraja moja pungufu kwa Mjerumani wa baadaye anayesoma Kiingereza.

Hapa upande wa kwanza unajibu, na jibu lao nalikubali kwa sehemu kubwa. Wabunifu wale hawakushinda kabisa. Adresse haikufa, wala Distanz, yaani umbali. Kijerumani kina akiba kubwa ya maneno ya asili ya Kilatini na Kigiriki yanayokaa sambamba na ya kienyeji, na mengi kati yake yana pacha upande wa Kiingereza. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya makundi 570 ya maneno, kundi likiwa ni neno pamoja na maumbo yake, yanayorudi mara kwa mara katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza. Mjerumani aliyesoma anaipitia na kukuta analysis, structure, theory, function, method, na yote anayo nyumbani: Analyse, Struktur, Theorie, Funktion, Methode.

Neno la kuangalia hapo ni "aliyesoma". Maneno hayo hayagawiwi sawa Ujerumani. Aliyepita Gymnasium, pengine akasoma na Kilatini, anayo kinywani. Aliyeacha shule baada ya darasa la tisa au la kumi akaingia kwenye mafunzo ya ufundi ameishi zaidi na maneno ya kienyeji, na kwake akiba ile ni kama ya lugha nyingine. Kwa hiyo tunaposema "Wajerumani hupata Kiingereza cha juu kwa urahisi", tunawasema Wajerumani wa tabaka fulani. Mwalimu anayefundisha mafundi umeme na yule anayefundisha wanafunzi wa sheria hawawezi kutumia mpango mmoja, ingawa wote wameandikiwa B2 kwenye cheti. Hili naona halizungumzwi vya kutosha.

Kisha kuna maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana. Mifano ya kuchekesha haina madhara makubwa: kila Mjerumani anafundishwa mapema kwamba Gift kwake ni sumu na kwa Mwingereza ni zawadi, na kwamba bekommen ni kupata, wala si become, kugeuka kuwa. Makosa hayo yanaonekana papo hapo na mtu anarekebishwa. Ya hatari ni yale yanayoacha sentensi ikiwa na maana kamili. Eventuell ni "huenda"; eventually ni "hatimaye". Meneja wa Stuttgart akiandika kwamba kampuni yake will eventually deliver in May, yeye anamaanisha huenda mzigo ukafika Mei, mteja wa Manchester anasoma kwamba utafika tu. Hakuna aliyeona kosa, hakuna aliyesahihisha. Sensibel ni mwepesi kuumia moyoni, sensible ni mwenye busara. Konsequent ni yule asiyeyumba katika msimamo wake, wakati consequent ni kile kinachofuata kama matokeo. Na katika hesabu, Billion ya Kijerumani ni milioni mara milioni, ambayo Kiingereza cha leo na Kiswahili tunaiita trilioni. Bilioni yetu wao ni Milliarde. Mtafsiri wa habari za bajeti akisahau hilo anakosea hesabu ya nchi mara elfu moja.

Mtu anaweza kubaki na kosa la aina hii miaka ishirini, na Kiingereza chake kikawa fasaha kwa kila namna nyingine. Neno asilolijua linamsimamisha, analitafuta. Neno analodhani analijua halimsimamishi kamwe. Hii ndiyo sababu nasema kazi kubwa ya mtu wa B2 anayepanda ni kuyachunguza upya maneno aliyo nayo tayari, hata kabla ya kuongeza mapya.

Mitego hii inawahusu pia wasomaji wa Kiswahili. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024, njia ya kazi ya Ujerumani imezungumzwa sana Nairobi, na wanaoifuata wengi wanakijia Kijerumani wakipitia Kiingereza. Wanaingia kwa mlango wa pili wa nyumba ileile: aktuell wanaisoma kama actually, "kwa kweli", kumbe ni "ya sasa hivi".

Kuna jambo jingine ambalo orodha za maneno mazito hulificha. Katika Kijerumani neno lenye asili ya Kilatini linasikika la kisomi, hivyo Mjerumani anayetaka kuonyesha Kiingereza cha juu hukimbilia tolerate, extinguish, postpone. Si makosa. Lakini Mwingereza mwenyewe, hata akiwa profesa, akizungumza husema put up with, put out, put off. Maneno ni madogo, ya Kigermaniki kabisa, na maana yake haikisiki kutoka kwenye sehemu zake. Aufgeben na give up zinalingana kwa bahati. Put up with haina mwenzake. Vivyo hivyo kwa maneno yanayoandamana: Mjerumani hu-"fanya" picha na Mwingereza hu-"chukua", mvutaji wa sigara kupindukia ni "mwenye nguvu" kwa Mjerumani na "mzito" kwa Mwingereza. Undugu unampa neno moja moja. Jinsi maneno yanavyoambatana, haumpi.

Basi ajifunze vipi? Shule za Ujerumani zina mila ya Vokabelheft, daftari la safu mbili, Kiingereza kushoto na Kijerumani kulia. Mila hiyo ina watetezi wenye haki. Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu jinsi kumbukumbu inavyopotea, na katika miaka ya 1970 Sebastian Leitner alieneza kisanduku cha kadi chenye vyumba, ambamo kadi unayoijua inarudiwa kwa nadra na usiyoijua inarudiwa mara kwa mara. Programu za simu za leo zinafuata wazo hilohilo. Wapinzani wao wanasema: soma vitabu, maneno yatakuja yenyewe.

Yatakuja, ila polepole mno. Paul Nation, aliyetafiti msamiati kwa miongo mingi, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti bila msaada kunahitaji makundi 8,000 hadi 9,000 ya maneno, ili asilimia 98 ya maneno yawe yanajulikana. Hata hapo, ukurasa wa maneno 300 unabaki na sita ya kukisia. Na maneno adimu, kwa uadimu wake, yanaweza kukutana na msomaji mara moja na yasirudi hadi ameyasahau. Ujerumani ina ugumu wa ziada, kwani filamu za kigeni kwenye televisheni hutiwa sauti za Kijerumani, tofauti na Uholanzi au Sweden ambako mtazamaji husikia Kiingereza na kusoma maandishi chini.

Kwa hiyo kadi nazikubali, ila si daftari la safu mbili. Ebbinghaus alitumia silabi zisizo na maana, na Vokabelheft inafanya karibu hivyo: inalichomoa neno katika mazingira yake. Zaidi ya hapo, safu ya kulia ndiyo inayolisha kosa, kwa sababu inaahidi kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake wa Kijerumani. Kadi ya mtu wa B2 ibebe sentensi nzima ya Kiingereza aliyoikuta mwenyewe akisoma, neno likiwa limefutwa, na upande wa nyuma Kiingereza pia. Inachosha na inachukua muda mrefu kuiandaa. Mhandisi anayehitaji Kiingereza kwa mikutano michache kwa mwaka pengine haimlipi. B2 yake, ikishasafishwa eventuell na wenzake, inamtosha. Daktari anayekwenda kufanya kazi Leeds haitoshi. Pneumonia anaijua tangu chuo, kwa kuwa madaktari wa kwao nao husema Pneumonie. Lakini mgonjwa atamwambia kwamba jana he passed out, kwamba usiku kucha he was throwing up, kwamba maumivu they come and go, na maneno hayo hayamo kwenye ile orodha ya makundi 570.