Namugongo kabla ya 1886

Kila Juni 3 mahujaji hufurika Namugongo, Uganda, mahali ambapo vijana Wakristo walichomwa moto kwa ajili ya dini yao, wengine wakiwa wametembea kwa miguu toka Kenya. Wachache hutafakari jambo ninaloliona zito kuliko moto wenyewe: siku za kungoja. Mwishoni mwa Mei 1886 vijana wa ikulu walifikishwa kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, wakakaa kifungoni karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alilelewa na Mukajanga huyohuyo. Mlezi alimsihi aikane dini, kijana akakataa.

Wapo wanaosema hayo hayakuwa mateso ya dini bali siasa tupu. Hawakosi hoja. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia ardhi huku pwani, na Askofu Hannington, aliyeuawa mwaka 1885, alikuwa amepitia Busoga, mlango ambao Waganda waliamini adui wao angeingilia. Mwanga, kijana bado, alikuwa na sababu ya kuogopa.

Ila turudi nyuma miaka kumi. Baba yake, Mutesa, alifunga Ramadhani na kuwahimiza watu wake kusali. Kisha Waislamu vijana wakakataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, wakakataa pia kusali nyuma ya Kabaka asiyetahiriwa. Wakati huo hofu ilikuwa Misri, iliyokuwa ikisogea kutoka kaskazini. Mutesa akaamuru Waislamu hao wauawe; waliouawa Namugongo mwaka 1876 hutajwa kuwa wapatao 70. Kwa hiyo kutenganisha dini na siasa hapa ni kazi bure: kwa Kabaka, mtu mwenye bwana mwingine juu yake alikuwa mwasi, awe anasali kwa kuelekea Makka au anasoma Injili.

Je, Waislamu wale watajwe Juni 3? Mkristo anaweza kujibu kwamba hija ni ibada, na hakuna anayelazimishwa kuweka wafu wa dini nyingine madhabahuni pake. Hilo nalikubali. Kanisa Katoliki liliwatangaza watakatifu mashahidi wake 22 mwaka 1964, na Waanglikana wanawakumbuka 23 wao. Kila nyumba ina haki na watu wake. Lakini Juni 3 ni sikukuu ya taifa la Uganda, na hotuba za viongozi siku hiyo si misa. Huko ndiko ninakoona upungufu, na kuuziba hakudai jengo wala bajeti. Ni kutamka tu kwamba mwaka 1876 nao ulikuwepo.