Upepo Mdogo wa Carrick-a-Rede

Meli ilitushusha Belfast, Ireland ya Kaskazini, tukapanda basi kuelekea pwani ya kaskazini. Kituo cha kwanza, Giant's Causeway: nguzo za mawe zipatazo 40,000, nyingi zenye pembe sita, zilizotokana na lava iliyopoa miaka milioni 60 hivi iliyopita. Kiongozi wetu alitaja hayo harakaharaka, kisha akayatupilia mbali. Mawe yale, alisema, ni barabara aliyoijenga jitu Finn McCool ili avuke bahari akapigane na jitu mwenzake wa Scotland. Mwenzake alipokuja, kumbe ni pandikizi la mtu! Mke wa Finn akamvisha mumewe nguo za kitoto, akamlaza. Yule wa Scotland akawaza: mtoto ndiye huyu, baba yake je? Akatimua mbio.

Nilicheka kuliko wote.

Tukafika Carrick-a-Rede. Daraja la kamba la kuvukia kwenda kisiwa kidogo, urefu mita 20, na bahari iko mita 30 chini. Wavuvi wa samoni walitunga la kwanza mwaka 1755, na sijui walikuwa wanawadai nini hao samaki. Upepo ukizidi daraja hufungwa. Siku ile, kwa vipimo vyao, upepo ulikuwa mdogo.

Kwa sababu ya manyunyu tuligawiwa makoti ya nailoni, yale yasiyo na mikono. Nilipofika katikati, upepo mdogo ukaniingilia kwa chini. Koti likafutuka, likanifunika uso, likagoma kushuka. Kuona sioni, na kuachia kamba nilishushe, nani athubutu?

"Tembea!" mtu akapaza sauti.

"Kwenda wapi?" nikajibu nikiwa humo ndani.

Nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja wa mkongojo. Akaubana kwapani, akaachia kamba mikono yote miwili, akalivuta koti, akalipitisha katikati ya miguu yangu na kukaza fundo kiunoni. Kisha akanipiga kofi la mgongo: "Haya, nenda."

Nikatokea kisiwani na nepi ya njano. Kiongozi akavua kofia.

"Finn!"

Wenzangu wakapiga picha za kisiwa cha Rathlin. Mimi nilitafuta njia nyingine ya kutokea. Haikuwepo. Kiongozi akanieleza kwamba wapo waliowahi kukataa kurudi, wakachukuliwa kwa mashua. Akachungulia mawimbi yaliyokuwa yakitwanga mwamba.

"Leo hata mashua ingeomba ipite darajani."

Nikamtafuta bibi, nikamwomba akaze fundo.