Si kila flashi iliyokufa ilikuwa feki

Vibanda vya kujazia filamu na muziki hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi stendi ya mabasi, haviishiwi na flashi zilizokufa. Ukiuliza zilikufaje, unajibiwa neno moja tu: feki. Feki zipo, tena tele. Kuna zinazojinadi kuwa ni 64 GB kumbe ndani hazifiki hata robo yake, na zinameza faili bila kulalamika. Lakini nyingine zinauawa na mpangilio wa kompyuta, na aliyeuweka mpangilio huo mara nyingi ni mtu aliyekuwa anatafuta usalama.

Kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux ikinakili filamu, mstari wa maendeleo hukimbia hadi mwisho upesi kwa sababu data imeingia RAM tu, yaani kumbukumbu ya muda. Keneli, kiini cha mfumo huo, huipeleka kwenye flashi baadaye, na kwa kawaida data inaweza kungoja kama sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa imekaa sana. Mteja anachomoa, anaondoka, njiani wimbo unakatika katikati. Kesho yake anarudi na kelele. Fundi akichoka na kelele hizo anaongeza neno sync kwenye mpangilio wa kupachika diski (mount), na kuanzia hapo kila kitu kinaandikwa papo hapo. Mstari sasa unasema kweli, ila kunakili kunatambaa.

Uharibifu wenyewe hauonekani. Chipu ya flashi haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani. Inaandika kurasa za kilobaiti chache, lakini kufuta inafuta bloku nzima, ambayo inaweza kufika megabaiti kadhaa, na kila seli, kijumba kidogo kinachohifadhi data, ina idadi ya kufutwa inayoweza kuvumilia. Zile za bei nafuu, za TLC (biti tatu kwa kila seli), huvumilia mara elfu moja hadi elfu chache. Mfumo wa FAT, unaopanga faili kwenye flashi nyingi, nao una jedwali linaloonyesha kila faili imekaa kwenye vipande gani. Filamu ya 1 GB kwenye vipande vya 16 KB ni vipande 65,536. Ukiwasha sync, jedwali linaguswa upya kila kipande kinapoongezwa. Ni sawa na mwenye duka anayenakili upya daftari zima la madeni kila mtu anapokopa kiberiti. Mwongozo wa amri ya mount wenyewe unaonya kwamba sync inaweza kufupisha maisha ya vifaa vya aina hii. Sijui kwa nini onyo hilo halisomwi.

Najua nitakachojibiwa: stima za huku hazina adabu, kwa hiyo heri kuandika mara moja. Sikubali. FAT haina jarida, yaani kumbukumbu ya hatua za kurekebishia mambo, na stima ikikatika katikati ya kunakili, faili imekatika tu, sync iwepo isiwepo. Filamu bado iko kwenye kompyuta ya kibanda, inanakiliwa tena. Mwanafunzi wa Maseno anayehariri tasnifu moja kwa moja kwenye flashi yuko kwenye hatari kubwa zaidi, naye dawa yake ni nakala ya pili.

Mpangilio wa kupachika ninaoutetea badala ya sync ni flush. Unaanza kuandika mapema bila kulazimisha jedwali liandikwe upya kila hatua, na Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, huutumia wenyewe flashi ya FAT inapochomekwa, mradi usiuguse. Windows nayo, tangu toleo la 1809 la Windows 10 la mwaka 2018, huchagua uondoaji wa haraka, yaani bila kulimbikiza data kwenye RAM, kama kawaida yake. Uacheni hivyo. Kuhamia exFAT, ndugu mpya wa FAT, kungeondoa kikomo cha 4 GB kwa faili, lakini redio nyingi za matatu haziisomi, kwa hiyo vibanda vitabaki na FAT32, toleo la FAT lenye kikomo hicho, kwa muda.

Fundi anayetaka mstari usiodanganya apunguze vm.dirty_bytes, kikomo cha Linux cha data inayoruhusiwa kungoja RAM, hadi megabaiti 16 hivi, ili RAM isilimbikize filamu nzima. Kisha, kazi ikiisha, aandike amri ya sync (si ule mpangilio wa kupachika) mara moja tu, asubiri irudi, ndipo achomoe. Mteja akilalamika kwamba anachelewa, mwambieni matatu ya Maseno haiondoki kabla haijajaa.