Napster walizimwa, jamaa wa stendi hakuzimwa na mtu

Juzi kijiweni hapa Mtwara ulizuka ubishi, mmoja anasema wanaodanlodi nyimbo bure ni wezi tu hamna lugha nyingine, mwenzie anasema bila hao hao wezi msanii wa Dar asingejulikana hata Newala. Mi naona wote wana lao, ila hawalingani uzito.

Wa kwanza ana sheria upande wake. Juni 1999 dogo mmoja wa Marekani, Shawn Fanning, hata miaka 20 hajafikisha, akaachia programu inaitwa Napster. Ujanja wake nyimbo hazikukaa kwake, zilikaa kwenye kompyuta za watu, seva yake inakuonyesha tu nani ana nini halafu unaenda kuchukua kwa mwenzio, na MP3 ni nyepesi, wimbo ambao kwenye CD unakula MB 40 unashuka mpaka 4 hivi. Disemba ya mwaka huo huo makampuni ya muziki yakamburuza mahakamani, bendi ya roki ya Metallica nao wakaja 2000, Julai 2001 ikazimwa. Watu wakaacha? Wapi, wakahamia programu nyingine kama hiyo, Kazaa na LimeWire, na LimeWire ilidunda mpaka 2010 ndo mahakama ikaisimamisha. Walioanza kulipa wengi walivutwa na duka la Apple la 2003, wimbo senti 99, unabonyeza umepata, maana kuiba nako kuna usumbufu wake.

Sisi huku bando la kudanlodi hatukuwa nalo, tulikuwa na jamaa wa stendi. Kompyuta moja ya mezani, kibodi herufi zimefutika, spika mbili zimegeuziwa barabarani. Unampa memori kadi unamwambia niwekee za buku, anakubandikia folda zima, ukifika nyumbani unakuta na kwaya ambayo hukuiomba. Huyo ndo Napster wetu, tena yeye anakula hela kabisa na aliyeimba haoni hata mia.

Sasa hii hoja ya "wanamtangaza" mi ndo inanikwaza. Nina mshkaji wangu alilipia studio kwa hela ya korosho za mzee wake, wimbo ulipotoka akaupeleka mwenyewe na flashi kwa yule jamaa, anambembeleza auweke. Ukasambaa kweli, bodaboda mpaka Masasi wanaupiga, na shoo aliyoitwa ni moja, harusini, akalipwa nauli na pilau. Kujulikana kunamlipa mwenye jina tayari, yule ambaye watu watakata tiketi, huyu mwingine anajulikana wimbo, yeye hawamjui.

App za kusikiliza muziki mtandaoni zipo, Spotify wamefika Tanzania 2021, Boomplay ipo, lakini bando likikata watu wanarudi kurushiana simu kwa simu kwa Xender, haili bando, na mimi nimo, wimbo wa mshkaji ninao na sijaulipia.

Nilimuuliza ingekuwa leo angefanyaje. Akasema angempa yule jamaa elfu tano amuweke wa kwanza kwenye folda.